Lipo kwenye Mzunguko

Kutafuta kitu ulichokificha mwenyewe kunakera kuliko kuibiwa. Ukiibiwa, angalau kuna mtu wa kumtukana. Bwana Funguo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya masjala tangu asubuhi, shati limejaa vumbi mgongoni, mafaili yametapakaa mpaka mlangoni, na mtu wa kumtukana hakuwepo.

"Mjinga mkubwa!" alifoka hata hivyo, na neno likamrudia mwenyewe.

Masjala ndicho chumba kinachotunza mafaili yote ya ofisi, na ofisi yenyewe ilikuwa ya maji: inachimba mitaro, inatandaza mabomba, inapeleka bili, inalaumiwa mchana kutwa. Kila karatasi iliyoingia au kutoka ilipitia mikononi mwa Bwana Funguo. Jina hilo lilitokana na funguo za masjala, ambazo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu na hakuzivua hata akienda msalani. Alilipenda kuliko jina alilopewa na mama yake.

Siku hiyo, Jumatatu, alikuwa akitafuta faili moja tu. Lake.

Na hapa lazima tumseme, maana haya aliyataka mwenyewe. Alipoanza kazi alikuwa karani wa kutumwa, wa kuitwa "wewe" na kila mwenye tai. Siku moja mhandisi alikuja mbio akitaka faili la mabomba ya mtaa wa sokoni. Lilikuwa hapo hapo, nyuma ya kiti. Lakini karani alikuwa na njaa, miguu inamuuma, na hakujisikia kuinuka. Akajibu, "Lipo kwenye mzunguko." Yaani limetoka, linapita ofisi kwa ofisi, na Mungu ndiye anayejua limefika wapi. Alitegemea atafokewa. Badala yake mhandisi alirudi baadaye na kikombe cha chai, akavuta kiti, akamwita "mzee wangu", akauliza kwa upole kama kuna habari zozote. Karani aliinywa ile chai taratibu. Ilipofika nusu, alikuwa ameshaelewa namna dunia inavyokwenda.

Tangu hapo alizibandua karatasi zote za majina zilizokuwa kwenye makabati, eti kwa sababu za usalama. Akayapanga mafaili upya kwa utaratibu ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Mkandarasi aliyempita bila salamu, mkataba wake ulikwenda chini kabisa, kwenye kona inayovuja. Mhasibu aliyewahi kumcheka mbele za watu, vocha zake zilitawanywa makabati matatu. Wenye adabu walikaa karibu na meza. Ukitaka chako, ulipita kwa Bwana Funguo, naye alikwambia, "Subiri kidogo." Hiyo "kidogo" iliweza kuwa dakika, iliweza kuwa msimu mzima wa mvua, kutegemea ulimsalimu vipi asubuhi.

Akaanza kuitwa kwenye vikao ambavyo havikumhusu. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila aliyeondoka alimnong'oneza anayeingia, "Kaa vizuri na yule mzee wa masjala." Yeye alijitia hasikii, huku kichwa kikimvimba.

Kisha ukaja wakati ambapo watumishi walihamishwa ovyo kama viti vya kukodi. Leo huyu huku, kesho yule kule. Bwana Funguo hakutaka kwenda popote. Ufalme wake ulikuwa humo chumbani. Kwa hiyo alilitoa faili lake mwenyewe kwenye kabati la watumishi, akalificha mahali ambapo hata nzi asingelifikia, halafu akamwandikia meneja wa wakati huo pendekezo zuri la utaratibu: hakuna faili, hakuna uhamisho. Meneja akalipenda, akalitia sahihi. Likatundikwa ukutani ndani ya fremu. Wenzake wakahamishwa, yeye akabaki. Usiku huo alimhadithia mke wake, na wote wawili wakavunjika mbavu.

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa muuguzi. Sasa hachekeshwi tena na hadithi hiyo. Pacha wenyewe wamekua, kila mmoja ana maisha yake, na Mama Pacha amepandishwa cheo akapelekwa kuongoza kituo cha afya katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima. Tangu aondoke, Bwana Funguo anakula wali wa kuungua peke yake na kulala huku redio inaongea. Simu wanapigiana. Lakini wiki iliyopita Mama Pacha alikuwa amesema maneno ambayo hayakuwa na kicheko ndani yake.

"Tawi lenu la huku linataka mkuu wa masjala. Nimesikia kwa masikio yangu. Kamati ya uhamisho inakaa Alhamisi. Baba Pacha, mimi sikuolewa na simu."

"Nitaomba."

"Usiniambie utaomba. Omba. Nafasi hii ikijazwa hakuna nyingine mpaka tustaafu. Nitamwita mdogo wangu aje akae na mimi, na nitajua kwamba wewe umechagua ile ofisi yako."

Aliomba siku hiyo hiyo. Na Jumatatu asubuhi meneja, kijana mpole asiyependa ugomvi, alimwita na kumwonyesha fremu ile ya ukutani.

"Mzee, barua yako nzuri. Niletee faili lako tu, niipeleke kwenye kamati."

"Mimi mnanijua wote, Mkuu. Miaka yote nipo hapa."

"Sisi tunakujua. Kamati haikujui. Halafu utaratibu wenyewe…" Alisogea akasoma jina lililo chini ya pendekezo. "Si ni wewe uliyeuandika?"

Basi ndiyo hiyo sakafu, ndiyo hayo magoti. Alikumbuka vizuri alikolificha: katikati ya michoro ya mabomba ya zamani, yale ya chuma ambayo yalishang'olewa na hakuna binadamu angeitaka tena. Alipofungua, michoro haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mabuku ya bili. Akafungua kabati la pili, la tatu. Akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Kila alichokishika hakikuwa chenyewe, ila kilikuwa cha mtu fulani. Lile faili la kisima ambalo mhandisi alililia mpaka akakata tamaa, hili hapa. Barua ya likizo ya mama wa usafi, hii hapa, ameshajifungua na mtoto anatembea. Alitafuta chake akapata vya watu, na kila alipopata aliona aibu kidogo, halafu aibu ikageuka hasira, kama kawaida yake.

Habari zikavuja. Kufikia mchana kulikuwa na foleni mlangoni.

"Mzee, kwa kuwa unapekuapekua, hebu nitazamie na langu," alisema dereva.

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu gari likiwa jipya, mzee wangu. Sasa halina hata vioo."

Watu wakacheka. Bwana Funguo akaufunga mlango kwa kishindo, vumbi likamwangukia kichwani.

Ndani walibaki wawili, maana kwenye kimeza cha pembeni alikaa Bi Kimya, karani msaidizi. Waliompa jina hilo hawakukosea. Kwa muda wote waliofanya kazi pamoja alikuwa ametamka "ndiyo mzee", "hapana mzee", na "kalamu imekwisha". Kazi yake ilikuwa kubeba anachoambiwa abebe na kutogusa anachoambiwa asiguse. Bwana Funguo alimpitia kila siku kama unavyopita kando ya ndoo.

Jumanne, akiwa amechoka hata kutukana, alivuta droo ya chini ya meza yake mwenyewe, ile ya viporo. Chini kabisa palikuwa na bahasha ya kaki. Akaifungua. Ilikuwa barua ya Bi Kimya kwa meneja, akiomba ruhusa ya kwenda kusoma utunzaji wa kumbukumbu chuoni, na chuo kilikuwa kimeshamkubali. Bwana Funguo aliikumbuka. Aliikumbuka vizuri sana. Aliikalia kwa sababu asingekuwa na mtu wa kumbebea mafaili. Dada wa watu alipouliza, alijibiwa kwamba ipo kwenye mzunguko. Aliuliza tena mwaka uliofuata. Baadaye hakuuliza.

Akamtazama. Bi Kimya alikuwa akishona jalada lililochanika, kichwa kimeinama.

Sasa, tusimvike Bwana Funguo utakatifu. Roho ilimsuta, ndiyo, ilimsuta kweli. Lakini pia alifikiri kwamba huyu binti akifurahi pengine atasaidia kutafuta. Akainuka, akaipeleka ile barua kwa meneja kwa mkono wake, akasema maneno mazuri juu yake, na kwa kuwa neno la Bwana Funguo lilikuwa halirudishwi nyuma kwenye jengo lile, meneja alipiga simu chuoni, chuo kikajibu siku hiyo hiyo kwamba nafasi bado ipo na masomo yanaanza Jumatatu ijayo. Meneja akatia sahihi. Karatasi ikarudi masjala kupigwa muhuri na kutumwa.

"Imepita," Bwana Funguo alimwambia Bi Kimya.

Bi Kimya aliweka sindano chini. "Asante, mzee." Kisha akauliza, "Unatafuta faili lako?"

"Si unaona!"

"Lipo mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

"Kabati la watumishi. Na wenzake."

Alikwenda. Alifungua. Lilikuwa limesimama pale katikati ya mafaili ya watumishi, safi, halina hata vumbi. Kabati hilo ndilo pekee ambalo hakulipekua, kwa kuwa alijua kwa hakika kwamba aliliondoa humo. Katika chumba ambacho hakuna kitu kilichokaa mahali pake, angekumbuka vipi kutazama huko?

"Ulipokwenda kumzika mama yako, siku pekee uliyoniachia funguo, paa lilivuja," alieleza Bi Kimya. "Nikahamisha michoro ya zamani isilowe. Faili moja likaanguka. Nikaona ni faili la mtumishi, nikalirudisha kwa watumishi."

"Na tangu jana unanitazama natambaa chini kama mtoto!"

"Hukuniuliza, mzee. Na uliniambia nisiguse."

Alitamani kufoka. Alilibeba faili kifuani kama mtu aliyebeba kuku, akaenda kwa meneja huku amenyoosha shingo.

Jumatano asubuhi meneja alikuwa amelisoma lote. Alilifunika, akashika tama.

"Mzee, faili halina tatizo. Tatizo ni mimi nitabaki na nani. Hapa bila wewe hakuna anayejua hata kabati la mikataba ni lipi. Kila aliyenitangulia ameniambia hivyo."

"Bi Kimya yupo, Mkuu."

"Bi Kimya yupi? Huyu uliyeniletea barua yake jana? Si anakwenda chuo Jumatatu?" Meneja alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuuma kuliko tusi. "Siwezi kuwaachia wawili. Chumba kitasimama, na chumba kikisimama ofisi imesimama. Mmoja wenu akibaki, mwingine nampitisha hata sasa hivi. Kesho asubuhi kabla ya kikao niambie."

Bwana Funguo alirudi masjala. Bi Kimya alikuwa ametoka kwenda kununua chakula. Na pale mezani, kwenye trei ya vinavyotoka, ilikuwepo ile karatasi ya chuo, ina sahihi, inangoja muhuri wake tu. Bila muhuri haitoki. Isipotoka mpaka Jumatatu, nafasi inakwenda kwa mwingine. Hakuna mtu angemlaumu. Karatasi hupotea. Angehuzunika naye, angempa pole kabisa.

Akavuta droo ya viporo. Akaitia humo. Akaifunga.

Simu ikaita. Alikuwa Mama Pacha, nyuma yake mtoto wa mtu analia na vyuma vya hospitali vinagongana.

"Imefikia wapi, Baba Pacha?"

"Inakwenda vizuri. Kuna karatasi moja tu…" Alitafuta neno, na mdomo ukampa lile uliolizoea. "Ipo kwenye mzunguko."

Upande wa pili mlango ulifungwa, na kilio cha mtoto kikabaki mbali.

"Neno hilo," alisema Mama Pacha polepole, "uliniletea nyumbani ukalitupa mezani tukacheka mpaka chakula kikapoa. Leo unalileta kwangu? Mimi si mhandisi. Mimi najua ipo kwenye droo. Sijui ni karatasi ya nani, lakini ipo kwenye droo."

"Mama Pacha, sikiliza…"

"Kama unakuja kwangu kwa kumkalia mtu, kaa huko huko. Nina wagonjwa."

Simu ikakatika. Bwana Funguo alibaki ameiweka sikioni bado, na uso ulikuwa ukimwaka. Kufumwa na meneja ni kitu kimoja. Kufumwa na mtu aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana, tena kwa umbali huo, bila hata kumwona uso, ni kitu kingine. Alimkasirikia mke wake, akawakasirikia walioezeka lile paa, akamkasirikia yule mhandisi na chai yake ya kwanza. Alipomaliza kuwapitia wote alibaki yeye.

Akafungua droo. Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Bi Kimya alipoingia na chakula chake mkononi, alikabidhiwa bahasha.

"Ipeleke posta mwenyewe. Sasa hivi. Usimpe tarishi, usiniachie mimi."

Aliporudi, alimkuta Bwana Funguo amesimama katikati ya chumba, kalamu nene ya wino mkononi, boksi la karatasi nyeupe miguuni, mlango umeachwa wazi. Shingoni hapakuwa na kamba. Funguo zilikuwa zimening'inia kwenye msumari ukutani, mahali ambapo kila mtu angeziona.

"Kaa uandike," alisema kwa ukali, kana kwamba ni kosa lake. "Mwandiko wangu mbaya. Kabati hili, mikataba. Andika mikataba. Herufi kubwa."

"Na mkataba wa tangi uko kwenye mafaili ya vyoo vya shule, kule kona inayovuja, mzee."

"Najua uko wapi! Yule mkandarasi alinipita kwenye ngazi kama amepita nguzo."

"Niandike hivyo?"

Alimkazia macho. Bi Kimya hakucheka, ila kona ya mdomo wake ilicheza.

"Urudishe na wenzake," alisema Bwana Funguo.

Walifanya hivyo mchana kutwa. Kila walipofika kwenye rundo alilazimika kueleza kwa nini lilikuwa pale, na kila maelezo yalikuwa ya kipuuzi kuliko yaliyotangulia: huyu alinicheka, huyu alisahau jina langu, huyu sikumbuki, ila nilimchukia. Aliyasema kwa sauti ya kuchoka, mbele ya binti aliyebeba yote hayo mikononi bila kuambiwa sababu. Mhandisi alipita, akasimama mlangoni, akasita.

"Naweza kuingia?"

"Chumba cha ofisi hiki. Ingia."

Mhandisi aliingia kwa hadhari kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Akasoma kabati moja, akasoma la pili, akanyoosha mkono, akatoa faili la kisima. Akaliangalia muda mrefu. Akalitia kwapani. Nyuma yake akaingia dereva, kisha mama wa usafi, kisha vijana wa bili. Hakuna aliyekuja na chai.

Alhamisi asubuhi meneja alishuka mwenyewe. Akasimama mlangoni, akamwambia tarishi, ambaye hajawahi hata kuvuka kizingiti kile, "Niletee mkataba wa tangi." Tarishi alisoma makabati kwa kidole, akaenda, akarudi nao. Meneja akafikiri ni bahati. Akamtuma na faili la mtaa wa sokoni. Likaja kabla hajamaliza kupiga chafya ya vumbi.

"Kumbe ni rahisi hivi?" alisema meneja, tena bila ubaya wowote. "Sasa miaka yote hii tulikuwa tunamsubiri mzee wa nini?"

Wote waliokuwepo wakatazama chini. Meneja aliweka barua ya uhamisho juu ya kabati la mikataba, akaitia sahihi, akaondoka nayo kwenda kwenye kamati huku akipiga mluzi. Haikuchukua hata muda wa kunywa maji. Kabla ya mchana jibu lilikuwa limeshuka: amepita, na kwa kuwa masjala haina shida, anaweza kuanza safari hata keshokutwa.

Bi Kimya alikuwa akifunga vitu vyake. Alimpa mkono. "Safari njema, mzee wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita "wangu", na Bwana Funguo alijifanya anatafuta miwani.

Akatoka nje, akasimama penye kivuli cha ukuta, akampigia Mama Pacha. Hakupokea. Akapiga tena. Alipopokea, hakusalimu.

"Nimepata," alisema Bwana Funguo. "Yule binti naye amepata. Barua yake ameipeleka posta mwenyewe, kwa mkono wake."

Pumzi ndefu ikasikika upande wa pili, kisha kicheko kidogo, kile cha zamani. "Unakuja lini?"

"Keshokutwa."

"Sasa mbona sauti hiyo? Kama umefiwa."

Kupitia dirisha aliweza kuona ndani ya masjala. Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bwana Funguo, miguu juu ya meza, anajisomea barua yake kwa raha zake.

"Hawakubisha," alisema. "Hata mmoja. Wamenipitisha kama risiti."

"Kwani ulitaka wabishe, Baba Pacha?"

Alisafisha koo. Alitazama huku na huku, kuhakikisha hakuna anayemsikia.

"Kidogo tu," alisema.